Radi Niliyoisikia Peke Yangu Njiani Kwenda Buffalo

Mmeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini Jumapili ile, mmekaa barazani kwangu mnatafuna karanga zangu, nilimkatia simu mama wa watu katikati ya mazungumzo. Mlimwona kwenye kioo cha simu, mama wa makamo ya juu, nywele nyeupe zimefungwa kisogoni, na mtoto wa kike pembeni yake. Mliniona nacheka nao. Halafu mkaniona nimekata bila kuaga. Hosea akasema bando limeisha. Bando langu haliishi, Hosea, na wewe unajua. Mwingine akanong'ona kwamba Amerika imenifundisha ujeuri.

Jibu lipo, ila ni refu. Linaanzia Louisville, jimbo la Kentucky, linapita Columbus na kufika Buffalo karibu na mpaka wa Kanada. Nimeliandika ili nilitoe mara moja na lisomwe na wote.

Kwa watakaosoma bila kunifahamu: mimi nina stashahada ya ualimu wa elimu ya awali, na ada ya chuo niliilipa mwenyewe kwa kufyatua matofali. Kuna majengo mawili pale sokoni kwetu Kasulu, Tanzania, yaliyojengwa kwa matofali yangu. Anayebisha aende akayatazame kama yana ufa. Amerika nilikwenda mwenyewe na nikarudi mwenyewe, sikufukuzwa. Leo nina shule ya watoto wadogo yenye madarasa matatu ya saruji na bati. Mambo ya viza na makaratasi siyaandiki, hayana ladha.

Jeffersontown, kabla ya kuondoka

Louisville nilifanya kazi kwenye ghala moja la Jeffersontown, kwenye eneo la viwanda, kufunga vipuri ndani ya maboksi. Zamu yetu ilijaa Wakongo wa Kivu, kwa hiyo Kiswahili kilisikika kuliko redio. Lakini kwenye meza yangu alikuwepo mama mmoja ambaye hakuwa Mkongo wala Mzungu. Jina lake Darlene. Nilimwita Mama Darlene tangu siku ya kwanza. Yeye akaniita Mwalimu, kwa sababu nilimwambia kazi yangu kabla hajaniuliza jina.

"Hata mimi ni mwalimu," alisema. Tulizungumza Kiingereza, hapa nakiweka kwa Kiswahili.

"Unafundisha nini?"

"Kinavaho. Watoto wadogo."

Wanavaho, wenyewe hujiita Diné, ni wenyeji wa Amerika wa upande wa Arizona, waliokuwepo kabla Mzungu hajafika. Mama Darlene alifundisha lugha na mila zao kwenye shule ya msingi kule kwao kwa miaka mingi. Mumewe alipougua wakahamia Louisville karibu na hospitali. Mume akafariki, yeye akabaki, akaingia ghalani. Lakini kila majira ya baridi alikwenda Buffalo kwa binti yake kumfundisha mjukuu wake, Raelynn, wa miaka sita, pamoja na watoto wengine wanne wa Kinavaho ambao wazazi wao wamepata kazi kule.

Nilimuuliza kwa nini asisafiri wakati wa joto kama watu wenye akili zao. Akanieleza. Kwao kuna mambo yanayofundishwa majira ya baridi tu: hadithi za Mbweha, na michezo ya uzi. Uzi unafungwa ncha kwa ncha uwe duara, unauzungusha vidoleni, unavuta hapa na kuachia pale, na kati ya mikono miwili inatokea nyota, au ngazi, au nyumba. Wanasema aliyewafundisha ni Buibui. Kwa hiyo uzi unachezwa wakati buibui, nyoka na dubu wamelala. Radi ya kwanza ikipiga, wameamka. Uzi unawekwa, hadithi zinafungwa, mpaka baridi nyingine.

"Radi moja tu?" nikauliza.

"Moja inatosha."

Wenzetu wawili pale mezani walicheka. Mimi sikucheka. Bibi yangu kule kijijini Heru Juu hakutoa hadithi mchana. Ungemlilia, ungegaagaa, angekwambia subiri jua lizame. Nilimwelewa Mama Darlene kuliko mtu yeyote ghalani.

Mwaka huo alikuwa na shida. Mkwe wake alikuwa anahamishiwa Ujerumani na kampuni yake, yeye na familia nzima, mwezi wa tatu. Na Mama Darlene hapandi ndege. Hakuwahi kupanda na alisema hatapanda. Maana yake, Februari hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kumpa Raelynn uzi mmoja unaoitwa Nyota Nyingi, ambao yeye alipewa na bibi yake, mkono kwa mkono. Binti yake mwenyewe hakuupata. Alilelewa mjini kwa shangazi na baridi zikampita. Juu ya hayo, Mama Darlene alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho na daktari alimkataza kuendesha gari.

"Mimi nina gari," nikamwambia. "Na leseni. Na sijawahi kugonga hata kuku."

Niliweka sharti moja, kwamba aniruhusu nikae darasani nimwone anavyofundisha, kwa sababu tayari nilikuwa na shule yangu kichwani. Alichomoza midomo kuelekea upande gari langu lilipoegeshwa, kama tunavyoonyesha sisi tukiwa na mzigo mikononi. Nikajua tutasafiri vizuri.

Louisville hadi Columbus

Tuliondoka Jumamosi asubuhi kwa Toyota yangu. Mama Darlene alikaa mbele, mapajani ana mfuko wa kitambaa wenye nyuzi za sufu, unga wa mahindi ya bluu, kopo dogo na kikombe cha bati. Kikombe kilikuwa na kazi yake. Masikio yake yalikuwa mazito, alivaa vifaa vya kusikia, na upepo wa barabara ulivifanya vipige mluzi. Ukizidi, anavitoa na kuviweka kwenye kikombe.

Hatujafika mbali nikamwambia, "Mama Darlene, barabara ni ndefu. Nipe hadithi moja."

Aliinama akatazama mbingu kupitia kioo. Ilikuwa nyeupe, kavu, na baridi ya kuuma meno. "Bado wamelala," akasema, akaanza.

Hadithi yenyewe siiandiki. Niliipokea ndani ya majira yake, na ninyi mtasoma haya mvua inanyesha. Nitasema tu kwamba ni ya Mbweha, kwamba anakitamani kitu kisicho chake, na kwamba inachekesha mno. Nilicheka nikapitiliza njia ya kuingia kituo cha mafuta, kisha cha pili, mpaka taa ya mafuta ikawaka na tukalazimika kuingia mji mdogo usiokuwa kwenye mpango wetu.

Kituoni pale mzee mmoja wa Kizungu, mwenye kofia ya kilimo, alituzunguka kama anayenunua gari.

"Mmetoka wapi?"

"Tanzania," nikamwambia, nikamtajia na Kasulu ili aongeze elimu.

Akamgeukia Mama Darlene. "Na wewe, mama?"

"Arizona."

"Hapana, kabla ya hapo. Asili yako."

"Kabla ya hapo, Arizona."

"Na wazazi wako?"

"Hao walitoka mbali kidogo," Mama Darlene akasema. "Upande wa pili wa mlima."

Mzee akafikiri, kisha akacheka mwenyewe na akatuletea kahawa mbili bila kuombwa. Ilikuwa chungu lakini tulikunywa.

Tulipoanza kuona majengo ya Columbus, Mama Darlene alikatisha hadithi. Mbweha alikuwa juu ya jabali, mkia umenasa kwenye ufa, maji yanapanda pande zote.

"Endelea," nikasema.

"Kesho."

"Mama Darlene, mimi si mtoto."

"Watoto wangu wote huenda kulala hadithi ikiwa imefika hapo. Ukiimaliza siku moja, mtoto hana sababu ya kurudi kesho."

Nililishika hilo. Leo shuleni kwangu hakuna hadithi inayomalizika siku iliyoanza, na mahudhurio yangu hayana mpinzani kata nzima.

Columbus

Tulilala kwa Mama Neema, Mkongo wa Uvira, ambaye mumewe alifanya kazi nami Louisville kabla hawajahamia Columbus. Mama Darlene alimsalimia kama wanavyosalimiana kwao: anakugusa kiganja kidogo tu, bila kukaba, na macho chini. Mama Neema akanivuta jikoni.

"Mwalimu, ule mama anakasirika? Hata hakuniangalia mu macho."

"Kwao ndiyo heshima."

"Ah bon. Kumbe ni kama kwetu zamani."

Akapakua ugali, samaki na sombe, yaani kisamvu. Neema, binti yao wa darasa la pili, alijibu kila kitu kwa Kiingereza, na baba yake alimjibu kwa Kiswahili, kila mmoja akishika njia yake. Mama Darlene alipouona ugali uso wake ulifunguka. Akaniuliza swali, nami nikalitafsiri kama lilivyokuja, maana mimi sipunguzi maneno ya mtu.

"Anauliza kama umetia majivu."

Mama Neema aliweka mwiko chini. "Majivu?"

"Majivu, ndiyo."

"Mu ugali yangu? Donc mimi nimetoka Uvira, nimepita kambi, nimevuka maji yote ile, juu ya kuja kuambiwa huku ugali yangu iko na majivu?"

"Labda aliona kitu," Baba Neema akasema.

"Wewe nyamaza. Kesho utakula majivu ya kweli."

Ilibidi nieleze upesi. Wanavaho huchoma majani ya mti wa mreteni, huchuja majivu yake na kuyatia kwenye uji wa mahindi ya bluu. Bila majivu, kwao uji haujakamilika. Mgeni alikuwa anamsifu mpishi. Mama Darlene, ambaye hakuhitaji tafsiri kuelewa mwiko uliowekwa vile, alifungua mfuko akatoa lile kopo dogo, lilikuwa la majivu, na kulisukuma mezani. Mama Neema akachovya kidole, akalamba, akachovya tena.

"Mama yangu alikuwa anachoma maganda ya ndizi," akasema. "Anachuja maji yake, anatia mu sombe. Mimi nilisahau hii kitu kabisa."

Baada ya hapo sikuhitajika tena kutafsiri. Asubuhi niliwakuta jikoni wawili, sufuria moja, uji wa bluu unachemka, na Neema akilalamika kwa Kiingereza kwamba una rangi ya ukuta.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Mpango ulikuwa kuondoka alfajiri, kwa sababu utabiri ulisema theluji itatoka ziwani jioni. Mama Neema hakutaka kusikia.

"Mutu hawezi kulala kwangu siku ya posho, halafu siku ya yenga anamukimbia Mungu." Posho ni Jumamosi na yenga ni Jumapili kwa Kiswahili cha kwao.

Tukaenda kanisani. Mchungaji akaniomba nitoe salamu, nikatoa. Nilieleza safari yetu, stashahada yangu na mpango wangu wa shule, na watu walipiga makofi ya kweli. Kisha zikaimba kwaya tatu, na kila kwaya ilikuwa na wimbo wa nyongeza. Tulipotoka jua lilikuwa limeshapinda. Baba Neema alisema salamu zangu zilikuwa ndefu. Kwaya zilikuwa tatu, hilo naomba lieleweke.

Columbus hadi Buffalo

Mpaka Cleveland barabara ilikuwa safi. Baada ya Cleveland unapinda mashariki, Ziwa Erie likiwa kushoto kwako, huoni maji ila unaona mbingu imekuwa nzito upande huo. Tulipoupita mji wa Erie theluji ilianza. Kwa asiyeijua: si kama mvua inayoanza kwa matone. Ni kama umeingia ndani ya gunia la unga. Nilifuata taa nyekundu za lori lililokuwa mbele yangu, na lori naamini lilifuata za mwenzake.

Mama Darlene alivitoa vifaa vyake vya masikio, akaviweka kikombeni, akaegemeza kichwa kwenye dirisha na kulala. Aliniamini na gari, na alikuwa na sababu.

Karibu na mji unaoitwa Dunkirk, kabla giza halijashika, theluji yote ilimulikwa kwa ndani. Mwanga wa zambarau, mara moja, ukazimika. Nilidhani ni taa za gari la kusafisha barabara. Kisha sauti ikaja.

Haikuwa kali kama ya kwetu. Theluji ilikuwa imeifunika, ilikuwa kama mtu anayeburuta kabati ghorofani. Lakini ilikuwa yenyewe. Mimi nimefundisha darasa huku mkaratusi wa jirani unapasuliwa na radi. Mtu wa Kasulu hahitaji kuambiwa radi ni ipi. Niligeuka. Mama Darlene alikuwa amelala, kikombe mapajani, pumzi zake zinaweka ukungu kwenye kioo.

Nilisubiri ya pili. Haikuja.

Foleni ilisimama, kisha tukaelekezwa kuingia kituo cha kupumzikia hadi barabara isafishwe. Nikashuka nikamwuliza dereva wa lori aliyekuwa anagonga barafu kwenye taa zake kama naye amesikia.

"Nimesikia. Ziwa lile hufanya hivyo mara chache. Una bahati, kaka. Kuna watu wamezaliwa huku hawajaisikia."

Nilirudi garini na bahati yangu. Mama Darlene alikuwa ameamka, anavirudisha vifaa masikioni.

"Nimekosa nini?"

"Theluji," nikasema.

"Basi tumtoe Mbweha kwenye jabali?"

Hapo ndipo niliposhikwa. Nisiposema kitu nikasikiliza, nitakuwa nimesikiliza kitu kilichofungwa huku najua. Nikisema, safari yote imeharibika kabla ya kufika. Nikamwambia barabara inataka macho na masikio yangu yote, tuache kwanza. Akakubali. Tukaingia Buffalo bila hadithi.

Raelynn alitufungulia mlango. Alikuwa ameshajivika uzi shingoni kama mkufu. Akasema neno moja la Kinavaho, shimásání, yaani bibi yangu mzaa mama, na yaliyobaki yote kwa Kiingereza.

"Kesho?" akauliza.

"Kesho," Mama Darlene akasema, akamvua kofia akambusu utosini.

Grant Street

Darasa lilikuwa Jumatatu mchana, shule zikiwa kwenye mapumziko. Asubuhi nikasema naenda kutafuta dagaa, nikaenda Grant Street, mtaa wenye maduka ya wageni wa kila aina, Waburundi, Wakongo, Waburma, na ofisi za kutuma fedha. Duka nililoingia lilikuwa la Mrundi, Evariste, aliyekaa miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, jirani na kwetu. Nilipotaja Kasulu alinikumbatia juu ya kaunta.

"Jana mlisikia radi hapa?" nikamwuliza.

"Radi? Na baridi hii? Mwalimu, umetoka Kasulu na radi zako mfukoni."

"Ilipiga njiani, upande wa Dunkirk. Ndani ya gari niliisikia peke yangu."

"Basi ni ya kwako. Kaa nayo."

Nikamweleza yote, mchezo wa uzi, mtoto, Ujerumani, bibi asiyepanda ndege. Alisikiliza huku anapima dagaa.

"Mimi ningenyamaza," akasema. "Mama alikuwa amelala. Asiyesikia hana kosa."

Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja Mkongo aliyebeba chupa ya mawese. "Wewe Evariste, na yule aliyesikia je? Mutoto atacheza muchezo yenye imefungwa, na bibi yake ndiye atamupa, na huyu atakaa pembeni anaangalia."

"Atajuaje, mama?"

"Bibi hatajua. Ila huyu anajua. Muangalie sura yake, hata dagaa hajachagua."

Ni kweli sikuwa nimechagua. Nilikuwa namfikiria bibi yangu. Miaka yake ya mwisho macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Tulikuwa wajukuu wengi, watundu, na tulizitaka hadithi zake kuliko chakula. Tungeweza kumwambia jua limezama, akatutolea hadithi mchana kweupe, na asingejua kamwe. Hatukufanya hivyo hata siku moja. Hakuna aliyetukataza, maana hakuna aliyewaza kwamba mtoto anaweza kufanya jambo kama hilo.

Nilinunua dagaa nikarudi.

Darasa

Nilimwambia Mama Darlene jikoni kwa binti yake, watoto hawajafika.

"Jana njiani ilipiga radi. Ulikuwa umelala."

Aliendelea kukanda unga. "Wapi?"

"Karibu na Dunkirk."

"Masikio yalikuwa kwenye kikombe."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana hukutaka hadithi."

"Ndiyo."

Binti yake, Sherri, alikuwa anafuta vyombo. Akatupa kitambaa. "Mama, hiyo ni radi ya ziwa. Haina uhusiano na sisi. Kwetu Arizona bado theluji imejaa, hakuna aliyesikia kitu."

"Wapo watakaosema hivyo," Mama Darlene akajibu. "Mama yangu asingeuliza ni ya ziwa au ya mlima."

"Lakini wewe hukuisikia."

"Mwalimu ameisikia. Tulikuwa ndani ya gari moja."

"Baada ya wiki tatu tunaondoka. Unaelewa? Hakuna baridi nyingine."

Mama Darlene alinawa mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja, akaenda kwenye mfuko wake. Nyuzi zote zilizokuwa mezani alizikunja akazirudisha ndani.

Watoto watano walikaa kwenye zulia. Raelynn alikuwa na uzi wake shingoni. Bibi yake akanyoosha mkono.

"Kwa nini?" Raelynn akauliza.

"Radi."

"Mimi sikusikia."

Mama Darlene alichomoza midomo kuelekea kwangu. Watoto wote watano wakanigeukia. Mimi nimesimama mbele ya wakaguzi wa wizara na sikutikisika. Siku hiyo nilitazama ukuta.

Raelynn aliuvua uzi taratibu, akaukunja, akamnyooshea bibi yake. Bibi hakuupokea. Alisubiri. Kwao neno la kumpa mtu kitu hubadilika kwa umbo la kitu: kamba ina lake, kitu cha mviringo lake, kitambaa lake, tope lake. Mtoto alifikiri, akalisema la kamba. Bibi akaupokea. Na darasa likawa limeanza hapohapo.

Akatoa mpira, fimbo, skafu, donge la unga wa bluu lililolowa. Vitu vilizunguka kutoka mkono hadi mkono, na hakuna kilichopita bila neno lake. Hakusema hata mara moja "semeni baada yangu". Mtoto akikosea, kitu kilibaki mkononi mwake tu, mpaka mwenzake anong'one. Donge la unga ndilo walilolipenda zaidi kwa sababu aliyechelewa lilimchuruzikia kwenye suruali. Mimi niliyesomea kazi hiyo nasema ni somo bora nililowahi kuliona, na ninalifundisha leo kwa Kiha, lugha yetu ya nyumbani, kwa mpira, kamba na tope.

Mwisho kila mtoto alijitambulisha: ukoo wa mama, ukoo wa baba, ukoo wa babu mzaa mama, ukoo wa babu mzaa baba. Kisha wakanitaka na mimi. Nikasimama nikataja zote nne bila kukwama. Stashahada sikuitaja, hawakuuliza.

Raelynn hakusema nami mpaka siku tunaondoka. Nilikuwa napakia gari, akaja na viatu vya ndani kwenye theluji.

"Ulisikia kweli?"

"Kweli."

"Ungeweza kusema hukusikia."

"Ningeweza."

Akanitazama, kisha akatazama dirisha la juu. "Bibi analia. Amefungulia maji ili tusisikie."

Akarudi ndani.

Njia ya kurudi haina cha kusimulia. Theluji ilikuwa imekoma, tulikula sandwichi, na tukamwacha Mbweha juu ya jabali lake. Karibu na Louisville Mama Darlene alisema jambo moja tu kuhusu yaliyopita. "Mwalimu, kama ungenyamaza, ningemfundisha vizuri sana." Sikujua kama ni shukrani au lawama, na sikumuuliza. Mwezi wa tatu familia ikaondoka. Katikati ya mwaka nikarudi nyumbani.

Kasulu

Sasa ile Jumapili ya Desemba. Simu iliita, nikaona jina la Mama Darlene, nikafungua picha. Nyuma yake palikuwa na dirisha lenye theluji na paa za mtindo nisioujua.

"Uko wapi?" nikamwuliza.

"Ujerumani."

"Umefikaje?"

"Kwa ndege," akasema, kama anayetaja ugonjwa. "Nilifumba macho kutoka Louisville. Wakaniletea chakula, nikakila nimefumba."

Mama yule aliyekataa ndege maisha yake yote. Alikuwa amesubiri baridi ianze, akapanda. Kisha Raelynn akaingia kwenye picha, mikono juu, uzi vidoleni. Akavuta, akaachia, akageuza viganja, na kati ya mikono yake zikafunguka nyota, nyingi, zimepangana. Ndipo mliponiona napiga makofi na kucheka, mkadhani nimeahidiwa kontena.

"Mwalimu," Mama Darlene akasema, "huku wote wamelala. Mbweha bado yuko juu ya jabali. Nikumalizie?"

"Malizia," nikasema. Nilikuwa nimeingoja tangu Columbus.

Akavuta kiti, akakohoa. Na juu ya kichwa cha Hosea, kule Heru Juu, nikaona umeme umelichana wingu kutoka juu hadi chini.

Ninyi mlikuwa mnamenya karanga. Simu ilikuwa imefunguliwa sauti yote. Upande wa pili mtoto alikuwa bado na nyota mikononi. Mtu wa Kasulu anajua kati ya umeme na radi ana muda gani, nao ulikuwa mfupi, hautoshi kuaga.

Nikakata. Radi ikapiga, bati likatetemeka, Hosea akamwaga chai akasema bando.

Nilituma ujumbe baadaye kwamba huku mvua imeshika. Mama Darlene akajibu: "Tulidhani hivyo. Mtoto hakusikia kitu. Bado anacheza."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Baridi yao na mvua yetu huja miezi ileile, kwa hiyo sijui hadithi ile nitaipata lini. Msiniulize Mbweha alishukaje kwenye jabali. Sijui.